Mechi ya Siku ya Hitima

Mwalimu Hudson Wafula alikuwa mtu wa maneno machache mpaka utaje ulinzi. Hapo ujue umejitakia mwenyewe. Angekuvutia vikombe vitano vya chai, akavipanga viwili mbele na vitatu nyuma, akalifanya bakuli la sukari kuwa adui, kisha akakueleza kwa kirefu kwa nini bakuli hilo halina pa kupita. Walimu wenzake walijifunza kunywa chai upesi kabla vikombe havijapangwa.

Alitoka bara, upande wa Mlima Elgon, na mwaka ule wa sitini na sita ulikuwa wa tatu tangu aletwe kisiwani Amu kufundisha jiografia katika chuo kidogo cha ualimu pembeni mwa mji. Hakuwa ameoa. Joto alilizoea, samaki alijifunza kumla bila kuhesabu miiba, lakini kilichomkalisha hasa kilikuwa mpira wa kikapu. Uwanja waliujenga wenyewe, yeye na wanafunzi, kwa chokaa na mchanga, likizo nzima. Nyavu za vikapu walisukiwa na mvuvi mmoja aliyeuliza mara mbili kama ni kweli hazitakiwi kuwa na kitako, na alipoambiwa ni kweli akatikisa kichwa, akafanya kazi yake huku akiwahurumia.

Timu ilijua kufunga. Kukaba, la. Mwaka uliotangulia walikwenda Mombasa kwenye mashindano ya vyuo, wakapigwa pointi sabini na moja mechi ya kwanza, themanini ya pili, na ya tatu mwandishi wa pointi aliomba apewe karatasi nyingine. Baadaye ikaja barua: chuo hakitaalikwa msimu ujao mpaka afisa wa michezo afike Amu, awaangalie wakicheza na timu ya watu wazima, na aone kwa macho yake kwamba wanaweza kumzuia mpinzani asifikishe pointi arobaini. Hudson aliisoma barua ile ubaoni mbele ya vijana wote, neno kwa neno. Nadhani alifanya vibaya, maana wawili walilia.

Miezi sita nzima alifundisha kukaba kwa kitabu chenye mishale, na vijana walifuata mishale hadi wakagongana. Ndipo Ijumaa moja, akipita karibu na msikiti, akaona watu wamejaa mpaka nje, wamejipanga kwa sala. Mmoja akatoka safuni kwa sababu zake, na wa jirani yake, bila kugeuka, akasogea akaliziba lile pengo, na wa pili yake naye akasogea. Hudson alisimama pale mpaka akajisahau. Jumatatu akawaambia vijana: mnachofanya Ijumaa, kifanyeni hapa. Bega kwa bega, na mwenzako akitoka usingoje kuambiwa. Nahodha wao, Jamaludin, ilimtia wasiwasi akaenda kumuuliza mwalimu wake wa chuo cha Kurani, yule aliyemfundisha tangu utotoni. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu, akasema hakuna ubaya, bora wasichanganye, wasije wakaanza kupokonyana mpira msikitini.

Basi ulinzi ukapatikana. Na katikati ya ulinzi huo alikuwapo Amini Abdulhalim, kijana wa kisiwa cha Pate, mrefu, mikono yake mirefu kuliko shati lolote lililoshonwa mjini, mpole kiasi kwamba akimnyang'anya mtu mpira alimwomba radhi. Alisimama chini ya kikapu, na wale wanne walimzunguka wakisogea kwa kumtazama yeye. Hudson alifanya hesabu zake. Amini akiwapo, mpinzani hupata pointi thelathini na kitu. Amini akikosekana, ongeza ishirini. Hakukuwa na mwingine wa kusimama pale, na kila mtu chuoni alilijua hilo, hata mpishi.

Afisa alipangiwa kuja Jumamosi ya tarehe ishirini, mwezi wa nane.

Tarehe tisa mwezi huohuo, Hudson akaletewa telegramu darasani. Ilitoka kwa Fanuel, mdogo wake. Mama yao, Rael, alikuwa amefariki tarehe nne na kuzikwa tarehe sita. Telegramu ilichelewa njiani, kama zilivyochelewa nyingi. Hudson aliikunja, akaitia mfukoni, akamalizia somo la mito mikubwa ya Afrika, na jioni akaenda uwanjani akawazungusha vijana mpaka wakaomba maji.

Hakumwambia mtu. Usidhani alikuwa jasiri. Alikuwa akingoja uchungu uje, na uchungu haukuja. Usiku wa kwanza alijipekua moyoni kama mtu anayepapasa meno kwa ulimi akitafuta lile linalouma, akakuta yote yako sawa. Alikula, akalala, akaamka. Chai aliikuta haina ladha, akadhani ni sukari ya dukani. Alimkumbuka mama yake akimwandikisha Fanuel barua za kumpelekea yeye Amu, akiuliza kila mara kama hiyo bahari bado inapanda na kushuka, na kama kuna mtu anayeisukuma. Alimkumbuka vizuri tu, bila kitu kifuani. Nyumbani walikuwa wamemzika, mtoto wa kwanza hayupo, mambo yamekwisha. Aende kufanya nini? Na Amu amwambie nani? Alijiambia kwamba majirani ni Waislamu, marehemu ni Mkristo wasiyemjua, atawasumbua bure. Hilo ndilo kosa ambalo mtu wa bara peke yake angeweza kulifanya mji ule. Wenyeji hawafichi kifo. Ukifiwa, hata kama ni na shangazi aliyeko Unguja ambaye hamjaonana miaka ishirini, unatoka mlangoni unasema, na watu wanakuja wanakaa nawe.

Kilichobaki hai kwake kilikuwa Jumamosi. Asubuhi alifumbua macho kwa sababu kulikuwa na mazoezi, akayafumba kwa sababu mazoezi yamekwisha. Msimu ukimponyoka, hakuwa na kitu kingine cha kumtoa kitandani, na hilo alilijua waziwazi, kama anavyojua mji mkuu wa Ethiopia.

Alhamisi alfajiri, siku mbili kabla ya mechi, baba yake Amini akafariki. Mzee Abdulhalim alikuwa mkulima wa tumbaku Pate, aliyehamia Amu na mkewe kwa ajili ya kifua chake, na kifua ndicho kilichomuua. Alizikwa siku ileile baada ya sala ya adhuhuri. Hudson alikwenda mazikoni, akasimama nyuma na walimu wenzake. Wenzake wanasema alikuwa akihesabu kwa vidole. Wakadhani anasali.

Ijumaa akaenda matangani. Wanaume walikuwa wameketi mikekani nje ya nyumba, kahawa inazunguka. Bi Mwanamkisi, mjane, alikuwa ndani na wanawake, ameshaingia eda, haonekani na mwanamume asiye wake. Hudson akavua viatu, akatoa pole, akapokea kikombe, akanywa. Filimbi ya mazoezi ilikuwa bado shingoni mwake. Alikaa muda wa kutosha kwa adabu, kisha akamwita Amini pembeni ya ukuta.

"Kesho saa nane," akamwambia. "Nusu saa kila kipindi, pamoja na mapumziko ni saa moja na kidogo."

Amini alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na kofia ya baba yake ilimkalia kubwa kichwani.

"Mwalimu, kesho ni siku ya tatu. Kuna hitima. Tutamsomea baba Kurani baada ya alasiri."

"Utakuwa umesharudi. Mimi mwenyewe nitakuachilia."

"Mama hatakubali."

"Mtu akifiwa anafanya kazi, Amini. Kazi inasaidia. Sikiliza ninavyokwambia."

Alisema kwa upole, na aliamini kila neno, maana yeye mwenyewe alikuwa akifanya hivyo kwa siku kumi na moja na alijiona mzima. Amini hakuwa kijana wa kumwambia mwalimu hapana. Aliinamisha kichwa. Hudson akalichukua hilo kuwa ndiyo, akarudi chuoni, akaandika jina la Amini katikati ya karatasi na kulizungushia duara.

Jumamosi saa nane vijana walikuwa uwanjani, na wapinzani wao, askari polisi kutoka Mokowe, walikuwa wameshavuka maji na kuvaa, watu wakubwa wenye mapaja kama vinu. Afisa hakuwapo. Ndege yake ilichelewa kutua Manda, kisiwa cha ng'ambo, kwa mawingu. Wakangoja. Saa nane na nusu, saa tisa. Askari wakajilaza kivulini. Saa tisa na nusu vijana wakajipanga kandokando ya uwanja wakasali alasiri, na walipotoa salamu ndipo Bwana Rufus, afisa wa michezo, akaonekana anakuja mbio na mkoba wake, jasho linamtoka, anaomba radhi kwa kila anayemwona.

Amini akaja kwa mwalimu.

"Mwalimu, ndiyo saa ya hitima hii."

"Afisa ameshafika. Unamwona."

"Umeniambia utaniata niende."

"Kipindi cha kwanza tu, tuone."

Ningependa kukuambia kwamba Hudson alisita. Hakusita. Alikuwa akitazama viatu vya mchezaji mrefu wa polisi, akipima atarukia mguu gani.

Kwa kawaida mechi yoyote pale ilijaza watu ukutani, wazee kwa watoto, kelele tupu. Siku hiyo ukuta wa upande wa mji ulikuwa mtupu, maana upande huo wote ulikuwa umekwenda kumsomea Mzee Abdulhalim. Hudson aliona ukuta mtupu. Akafikiri, vizuri, vijana watanisikia.

Na walimsikia. Ule ulinzi, jamani, ulikuwa kitu cha kuonwa. Polisi walikuja kushoto, safu ikasogea kushoto. Wakaja kulia, ikasogea kulia, bega kwa bega, miguu kumi kama mguu mmoja. Jamaludin akitoka kumfuata mwenye mpira, aliye nyuma yake alikuwa ameshasimama mahali pake. Na ukifanikiwa kupenya, unamkuta Amini, mikono juu. Alicheza bila kuomba mtu radhi hata mara moja. Uso wake haukuwa na kitu. Aliruka, akazuia, akashuka, akatoa mpira, akarudi mahali pake. Mapumziko, polisi walikuwa na pointi kumi na nne.

Amini alikwenda kwa Hudson akasimama mbele yake.

"Nusu saa," Hudson akasema. "Nusu saa tu, halafu msimu wote ni wetu."

Kijana akarudi uwanjani.

Mechi ilikwisha polisi wakiwa na thelathini na tatu na chuo thelathini na sita. Vijana walirukiana, wengine wakalala chini wakicheka. Bwana Rufus alikuja na mkono umenyooshwa.

"Bwana Wafula, mimi nilikuwapo Mombasa mwaka jana. Nilidhani nitakuja hapa kuandika barua ya pole. Ulinzi wa namna hii sijauona kwenye vyuo vya pwani. Msimu ujao watu watawatafuta. Hivi yule wa katikati ni nani?"

"Amini Abdulhalim."

"Mwiteni nimpe mkono."

Wakamtafuta. Hakuwapo. Alikuwa ameondoka filimbi ilipolia, na nguo zake za mchezo, mbio. Alifika mtaani watu wanatoka, misahafu imekwisha kukusanywa. Baba yake alikuwa amekwisha kusomewa na mji mzima isipokuwa mwanawe. Jamaludin ndiye aliyeyasikia hayo jioni na kumwambia mwalimu. Hudson akajibu kwamba alisikitika, kisha akamwuliza kama kifundo cha mguu wake kimevimba.

Bwana Rufus aliandika karatasi yake palepale, akaitia sahihi: chuo kinakubaliwa, na matumaini ya ulinzi wake kwa msimu ujao ni makubwa. Hudson aliisoma kitandani. Alingoja furaha kama alivyongoja uchungu. Nayo haikuja.

Jumapili asubuhi aliamua kwenda kwa Amini. Alisema moyoni kwamba anakwenda kushukuru na kumwonyesha karatasi. Hakuwa na mazoezi siku hiyo, na nadhani hakujua aende wapi pengine. Alimkuta Amini peke yake barazani, anakunja mikeka ya matanga, maana siku tatu zilikuwa zimekwisha. Kijana alimwamkia, akamtandikia mkeka mmoja tena. Hudson akaketi, akatoa karatasi.

"Tumekubaliwa," akasema. "Wamekutaja. Mlinzi wa katikati."

Kabla Amini hajajibu, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia la mlango. Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelia siku tatu na ambaye sasa hana haraka.

"Nani huyo, Amini? Ndiye mwalimu?"

"Ndiye, mama."

"Mwalimu, mimi sikuoni nawe hunioni, nisikize basi. Amini hatateza tena. Hiyo karatasi yako wape wenyewe."

"Bi Mwanamkisi, kijana huyu—"

"Mume wangu ana mwana mmoya. Watu wamekuya hata wa Faza, wamekuya wa Siyu, wameketi wakamsomea. Mwanawe yuwapi? Wameniuliza. Nikawaambia yuko kuteza mpira. Mimi, kwa kinywa changu. Wewe wayua aibu hiyo?"

Hudson alisikia maneno, akayaelewa, na akaona kwamba ulinzi wake umebaki na watu wanne na tundu katikati. Hilo ndilo aliloliona kwanza. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye, akiwa mzee, bila kujitetea.

"Nilimwambia kazi inasaidia," akasema.

"Nani alokwambia?"

Pazia lilitikisika kidogo, kwa upepo au kwa mkono.

"Mwalimu, una mama wewe?"

"Hapana."

"Mamako ufiye lini?"

"Tarehe nne."

"Ya mwezi gani?"

"Mwezi huu."

Amini aliuacha mkeka aliokuwa anaukunja. Ndani kulikuwa na wanawake wengine waliokuwa wakinong'ona, nao wakakoma.

"Mwezi huu tulo nao?" Bi Mwanamkisi akauliza.

"Ndiyo. Nilipata telegramu tarehe tisa. Walikuwa wameshamzika."

"Na matanga umeketi wapi?"

"Sikukaa. Kulikuwa na mazoezi."

Hudson alitazama mkeka. Aliona ukindu mwekundu na wa manjano ulivyopishana, akaanza kuhesabu mistari, kwa mazoea tu.

"Umekuya kumtoa mwanangu matangani," ile sauti ikasema polepole, "na wewe mwenyewe u mfiwa. Hukumwambia mtu. Majirani zako hukuwaambia. Watu wakupita ndiani wakikusalimu, hawayui. Wewe mtu wa nti gani, mwalimu?"

"Niliona nitawasumbua."

"Hukuona kitu. Mimi sijakusamehe, na yeo sitakusamehe, usingoje. Lakini hutatoka hapa hivo. Amini, wata kukunja hiyo mikeka. Tandika. Kisha enda mtaani ukawaambie watu mwalimu Hudson amefiwa na mamake, waye wampe pole."

Kijana akatandika mikeka yote tena, mmoja baada ya mwingine, huku Hudson akimwambia asijisumbue, na hakuna aliyemsikiliza. Akavaa kofia ya baba yake, akaondoka. Kabla ya kuondoka aliinama mbele ya mwalimu, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, ile mirefu, akasema, "Makiwa, mwalimu." Hudson hakujua neno hilo la pole hujibiwaje. Akasema asante.

Walianza kuja. Muuza nyama akaja na aproni yake. Akaja yule mvuvi wa nyavu zisizo na kitako, akaja Jamaludin anachechemea, akaja mzee wake wa Kurani, akaja mpishi wa chuo aliyekuwa na hasira waziwazi kwa nini hakuambiwa. Kila mmoja alimshika mkono, akaketi. Hawakuuliza dini ya marehemu. Kahawa ikaletwa. Hudson alipokea kila mkono kwa adabu, uso mkavu, akijiona kama anayetazama kutoka upande wa pili wa barabara.

Baraza ilipojaa, Bi Mwanamkisi akauliza tena kutoka ndani, na safari hii alizungumza taratibu zaidi.

"Mwalimu, alikwitwa nani mamako?"

Swali dogo. Hudson alifungua kinywa. Mtu aliyeweza kukutajia walinzi wake watano, waliopo na wa akiba, bila kuvuta pumzi, alifungua kinywa na jina halikutoka. Akakifunga. Akajaribu tena. Watu wakangoja, hakuna aliyemharakisha, hakuna aliyetazama pembeni.

"Rael," akasema.

Na sauti iliyolisema haikuwa ya mwalimu, ilikuwa ya mtoto anayemwita mamake kutoka shambani. Aliisikia mwenyewe. Akashika magoti, na kilio kikamtoka mbele ya watu wote wale, kikubwa, kibaya, hakina aibu. Fanuel aliandika tarehe nne, na makaratasi yote ya kwao yanasema tarehe nne. Lakini kwa Hudson Wafula mama yake alikufa Jumapili ya tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi, barazani kwa watu aliowakosea.